Bafle la Mahari

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama ndani ya moshi, na najua wengi wenu mlicheka. Mama mmoja anayeuza unga wa muhogo katika soko la Kasuku alininyooshea kidole akamwambia mwenzake, "Njo ule muntu wa ampli," yaani ndiye yule wa ampli. Namjibu leo hapa. Mcheka kilema hafi bila kumfika, Mama, na siku yako inakuja.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Roger, mpiga besi wa orkestra ya Matata, hapa Kindu, upande wa Alunguli. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiwasimulia jinsi ninavyotafuta vyombo vipya na jinsi vyombo vipya vinavyonitafuta mimi kwa ubaya.

Kwanza niliagiza gita la besi kwa Mama Kavuo, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka Kasuku. Nilimweleza kwamba besi ni gita lenye nyuzi nne. Akaniletea kwa ndege kigita cha nyuzi nne, kidogo kama kuku aliyenyonyolewa, na mpaka leo anasema hakukosea.

Kisha nikapata pedali ya kubadilisha sauti. Niliikanyaga katika harusi, besi ikalia kama chura, bibi harusi akaruka na ua lake.

Mwishowe gita la kweli likafika. Tangu lifike sijaliacha, nalibeba mgongoni hata nikienda chooni. Ampli mpya, mashine ya kukuza sauti, nayo ikafika, nyeusi, inang'aa. Matata, mkubwa wetu, akaiunganisha na jenereta yake. Jenereta hiyo ina tabia ya mlevi: inatulia, inatulia, ghafla inapandisha umeme. Ikapandisha. Moshi.

Hapo ndipo mliponiacha, na mngeniacha hapohapo ningeshukuru. Maana yaliyofuata ni mabaya zaidi. Nilimwacha mke wangu bila kujua kwamba nimemwacha.

Ilianza siku ileile ya moshi.

"Roger," Matata akaniambia akipepea uso kwa kofia, "Jumamosi tuko na ndoa. Wenyewe wanataka muziki ya zamani, ile ya besi nzito. Utapata ampli ingine?"

"Ntapata."

"Ukikosa, si mubaya. Exaucé atapiga besi na mukono ya kushoto."

Exaucé ni mpiga kinanda wetu. Ni kijana mwenye adabu, na mkono wake wa kushoto, nasema kwa uchungu, ni mzuri.

"Papa Roger, usikasirike," akasema. "Ni mukono tu."

Nimepiga besi tangu treni ilipokuwa ikifika Kindu na watu wakirekebisha saa zao kwa honi yake. Leo nishindwe na mkono mmoja, tena wa kushoto!

Nikavuka mto hadi Kasuku kwenda kumlilia Mama Kavuo.

"Ampli ingine itakuja na ndege ya Jumamosi," akasema bila kuinua macho kwenye mizigo yake. "Uvumilie."

Nani anaamini ndege ya Jumamosi? Nilitoka dukani nikipiga kelele kwamba mpiga besi akingojea ndege atazikwa na nyuzi zake. Kumbukeni maneno hayo. Yatanirudia.

Jioni Hélène, mke wangu, aliniwekea sombe, majani ya muhogo, na samaki. Hakuuliza kitu. Alinitazama nikila, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Unacheka nini?"

"Unanuka moshi kama samaki ya Lokandu."

Lokandu ndiko kwao, chini ya mto. Alipotaja Lokandu, nikaacha kutafuna. Nilikumbuka bafle langu la zamani, sanduku langu la spika.

Hapa inabidi niwarudishe kwenye vita, lakini msiogope, ni habari ya mbuzi.

Mwaka wa 2001 nilitaka kumwoa Hélène. Waasi walikuwa mjini, treni imelala, orkestra imevunjika. Mpiga solo alikuwa amekimbilia msituni na mpiga ngoma Kisangani. Papa Okito, baba yake Hélène, mvuvi mwenye jina pale Lokandu, alitaka mbuzi, kama mkwe yeyote. Lakini mbuzi wangetoka wapi? Watu wa bunduki wa kila upande walikuwa wamewala. Wachache waliobaki walikuwa wamefundishwa na wenye kuwafuga kutolia.

Mimi nilibaki na kitu kimoja tu cha thamani: bafle. Lilikuwa sanduku la mbao nzito lililotengenezwa na seremala, ndani yake spika kubwa na nyuma yake ampli. Lilikubali umeme na lilikubali betri ya gari.

Mjomba wangu na mimi tukalipakia kwenye pirogi, mtumbwi wetu, chini ya majani. Kizuizini askari akauliza ni nini. Mjomba akasema ni mzinga wa nyuki. Askari akarudi nyuma, tukapita.

Papa Okito alilizunguka lile sanduku mara nyingi.

"Hii njo mbuzi?"

"Njo yenyewe, Papa."

"Inakula nini?"

"Betri."

"Na iko muzima?"

Halikuwa swali la mzaha. Kwao wana sheria. Mbuzi wa mahari akifa mikononi mwa mwoaji, mwoaji analeta mwingine. Akishapokelewa na mkwe, akafa, hasara ni ya mkwe. Kwa hiyo wazee husimama kwanza wakamsikiliza mbuzi analia, ndipo wanampokea.

Tukatafuta betri kwenye lori lililokufa karibu na misheni. Nikaunganisha, nikapiga uzi mnene. Kuku walitawanyika uani, mtoto akaanza kulia, udongo ukadondoka ukutani.

Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Hii ni dume."

Watu wakacheka. Jamani, walicheka! Miezi mingi hatukuwa tumesikia watu wengi wakicheka pamoja. Hélène alikuwa amejificha nyuma ya mlango, na mimi nilisikia kicheko chake katikati ya vyote. Kwa sauti ile moja ya besi tukaoana.

Basi, mtu mwenye akili angekumbuka habari hiyo yote. Mimi, nikila sombe, nilikumbuka spika tu.

"Kesho kutwa nashuka Lokandu," nikamwambia Hélène. "Nisalimie wazazi."

Uso wake ukang'aa mpaka nikaona haya. Alinifungia sabuni na chumvi za kumpelekea mama yake. Nilipokuwa natoka akanifuata mlangoni.

"Uniangalilie bafle yangu kama iko muzima."

"Nitaiangalia," nikasema. Kwa hilo sikudanganya.

Mashua ya Lokandu ilikuwa ya mwenye haraka. Alitaka kushusha chumvi, kupakia samaki na kupanda tena mchana uleule. Wakati wa kuondoka, akasema, asiyekuwa bandarini atangojea safari nyingine. Nikakimbia njia nzima hadi kwa mkwe, gita linanigonga mgongoni.

Papa Okito sasa ni mzee, lakini bado anakaa wima. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mukwe wangu! Hélène iko wapi?"

"Nimemuacha Kindu."

"Umekuja weye peke yako?"

"Peke yangu, Papa."

Mama mkwe akaleta samaki na ugali.

"Asante Mama, sitakula. Niko na haraka."

Mama mkwe akasimama na sahani mikononi. Mkwe kukataa chakula cha mkwe! Leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi. Siku ile nilikuwa naangalia pembeni mwa sebule, ambako bafle langu lilikaa limefunikwa kitambaa kilichofumwa, na juu yake picha ya harusi yetu. Nilitazama kwa hamu, na wala si picha.

"Papa, nakuja juu ya ile bafle. Nataka niirudishe Kindu."

Mama mkwe akaweka sahani chini.

"Ile ya Hélène?" Papa Okito akauliza polepole.

"Ndiyo, ile ya Hélène."

"Yote?"

"Papa, nusu ya bafle nitafanya nayo nini?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Hélène amekosa nini?"

"Hélène? Hajakosa kitu! Anawasalimia sana. Tena ametuma sabuni."

Nikamkabidhi mama mkwe sabuni na chumvi. Alizipokea, akazitazama, akaingia jikoni, na nikasikia analia. Nikajisemea, moshi wa samaki ule.

Papa Okito akawaita wazee wawili wa jirani wasimame mlangoni washuhudie. Nikaona ni heshima kubwa kwa chombo. Akatoa picha ya harusi kwa mkono wake, akakunja kitambaa, akarudi nyuma.

"Beba kitu yako, Bwana Roger."

Sikia hapo. Tangu 2001 mtu huyu ananiita mukwe. Leo nimekuwa Bwana Roger, na masikio yangu, yanayojua uzi uliolegea kwa kusikia tu, hayakusikia.

Sudi, ndugu yake Hélène, alinisaidia kubeba hadi bandarini. Tulipoliweka ndani ya mashua akapangusa mikono.

"Tangu leo usiniite tena shemeji."

Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Mashemeji si hutaniana? Ni haki yao. Nikamjibu, "Na weye usinipigie tena simu kuomba vocha!" Alisimama bandarini akitutazama mpaka kona ya mto.

Ndugu wasomaji, mnajua sheria za mahari kama ninavyozijua mimi. Mwanaume akienda kwa wakwe peke yake, akakataa chakula chao, akadai mahari yote, amesema nini? Nisingekuwa na ugonjwa wa besi, ningeelewa kabla sijafunga mdomo. Lakini mimi nilikuwa naona bafle, wenzangu walikuwa wanaona mahari.

Nilipanda mto nikiimba. Mwenye mashua aliniomba ninyamaze, nikaimba zaidi.

Tulifika Alunguli Jumamosi asubuhi. Salle ya Matata, ukumbi tunamopigia, iko njiani kutoka bandarini, nikalishusha bafle pale. Exaucé alikuja mbio, akagusagusa mbao zake kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Papa Roger, hii ni chombo!"

"Usiguse mpaka nilete betri ya gari," nikamwambia. "Groupe ya Matata, ile jenereta, hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nikaenda nyumbani kunawa na kujisifu.

Hélène alikuwa ameketi sebuleni, kwenye kiti cha wageni. Alivaa kitenge chake cha kanisa. Mkoba ulikuwa miguuni mwake.

"Hélène, nimerudi! Hutaamini nimeleta nini!"

"Karibu, Monsieur Roger."

"Monsieur nani?"

"Siyo jina yako?"

Nikaketi. Nikangojea maji ya kunawa. Hayakuja.

"Hélène, maji iko wapi?"

"Miye niko mugeni. Naweza kujua wapi maji ya watu iko?"

Nikadhani ananitania, maana Hélène kwa utani hana mwenzake. Kisha nikaona macho yake yamevimba.

"Sudi alinipigia simu jana," akasema. "Alipanda mpaka kwenye kilima kutafuta réseau ya simu juu ya kuniambia bwana yangu ameniacha. Nikamuambia hapana, Roger hawezi, ameenda kusalimia. Akaniambia amekuja peke yake, amekataa kula, amebeba mahari. Roger, umebeba mahari?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Nilibeba bafle," nikasema.

"Ni kitu gani ingine?"

"Hélène, wallahi, nilitaka bafle tu! Juu ya ndoa ya leo. Exaucé na mukono yake..."

"Mukono ya Exaucé njo inakufanya uniache?"

"Sikuachi!"

Akacheka, na kicheko kikageuka njiani. Alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Unajua dada zangu waliniita nani? Bibi ya Bafle. Waliniimbia. Wenyewe waliolewa na mbuzi, mbuzi za kweli zenye mukia. Vita ikarudi tena, mbuzi zao zikaliwa zote. Leo hakuna mumoja anaweza kuonyesha kitu na kusema, njo hii bwana yangu alinilipia. Miye naweza. Nikifika kwetu naingia, naiona pale, na kitambaa nilifuma mwenyewe. Njo maana nilikuambia uiangalie."

Nimeishi na mwanamke huyu katika vita na katika amani, na sikuwahi kujua kwamba anajivunia sanduku langu. Nilimpenda pale kwenye kiti cha wageni kuliko siku ile ya nyuma ya mlango, na niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona mbele ya watu, na mnajua nimekwisha kuona nyingi.

"Nairudisha," nikasema nikasimama. "Sasa hivi naichukua salle, nashuka nayo Lokandu. Matata apige na mikono yake yote."

"Hauna haja ya kushuka," Hélène akasema. "Papa anapanda. Anakuja kunichukua."

"Papa Okito? Kuja huku?"

Mzee huyo hajakanyaga Kindu tangu vita. Aliapa. Kabla sijamaliza kushangaa, mlango ukatiwa kivuli. Papa Okito alisimama pale na fimbo yake, na Sudi nyuma yake, suruali imelowa mpaka magoti. Walikuwa wamepanda mto nyuma ya mashua yetu.

"Nakuja kwa mutoto yangu," Papa Okito akasema.

Nikapiga magoti. Nilieleza yote kwa pumzi moja: moshi, ndoa, mkono wa kushoto, mashua yenye haraka. Sudi alianza kung'ata mdomo asicheke. Papa Okito hakung'ata kitu.

"Roger, unasema hukujua?"

"Sikujua, Papa."

"Muntu muzima, ndevu nyeupe, hakujua."

"Kabisa."

Akageuza uso, na niliona bega lake moja linatikisika. Matumaini yakanirudia kidogo.

"Basi bafle iko wapi? Niirudishe kwangu, tumalize hii maneno."

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie lilipo. Hakukuwa na haja. Kutoka upande wa salle ikaja sauti nzito, nene, ikapita ukutani ikaingia kifuani mwetu. Kuku wa jirani wakatawanyika.

Papa Okito akainua fimbo.

"Ile ni mbuzi yangu!"

Mzee akasikiliza kichwa kimeinama, na mimi nikasikiliza naye. Nasema kweli, lilikuwa zuri. Hakuna ampli mpya inayolia vile.

"Nani anaipiga?" akauliza.

Sijawahi kujibu swali kwa uchungu kama huo.

"Mukono ya kushoto ya Exaucé, Papa."

Kisha nikashtuka. Betri sikuwa nimepeleka bado. Exaucé alikuwa anapiga kwa umeme gani?

"Groupe!" nikapiga kelele, nikatoka mbio, gita mgongoni. Nyuma yangu walikuja Sudi, Hélène na mkoba wake, na Papa Okito akichapa ardhi kwa fimbo. Watu wa barabarani walitupisha. Mwenye pikipiki akauliza nani amefariki.

Tulikuwa hatujafika mlangoni. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika katikati ya wimbo.

Ndani ya salle, waandaaji wa harusi walikuwa wamesimama na viti mikononi. Exaucé alikuwa ameinua mikono yote miwili kama aliyekamatwa. Moshi mwembamba ulitoka nyuma ya bafle, polepole, bila haraka.

"Papa Roger, Matata njo alisema tujaribu kidogo..."

"Kidogo tu," Matata akasema kutoka mbali.

Nililala kifudifudi nikatia sikio kwenye mbao. Nikagonga. Nikafungua kwa nyuma. Harufu yake nilikuwa naijua tangu moshi wa kwanza.

Papa Okito akafika akihema. Alilitazama bafle lake.

"Imekufa?" akauliza.

"Imekufa, Papa."

Akaketi juu ya kiti cha harusi. Mzee yule alikuwa amelificha chini ya nyavu askari wasilibebe mwaka wa pili wa ndoa yetu. Vita haikuliua. Tulikuja kuliua sisi, kwa ajili ya kujaribu kidogo.

Hélène ndiye aliyesema kwanza.

"Papa, mbuzi ikifa mikononi mwa muoaji, hasara ni ya nani?"

"Ya muoaji."

"Na ikiwa imeisha kupokelewa?"

"Ya mukwe."

"Hii ni mbuzi ya nani imekufa?"

Papa Okito akafikiri, fimbo kati ya magoti.

"Roger aliidai, nikamupa mbele ya wazee. Iko yake. Imekufa mikononi yake. Mahari imeisha, mutoto yangu. Twende."

"Na mahari inaweza kurudi bila bibi kuulizwa? Nani aliniuliza?"

Sudi akakohoa. "Papa, dada iko na haki. Hatukumuuliza."

Watu wa harusi sasa walikuwa wameshusha viti na kusogea. Mama mmoja akasema, "Kweli, bibi anaulizwa." Mwingine akasema wao kwao hawaulizi. Wakaanza kubishana.

Papa Okito akainua mkono, wakanyamaza.

"Nimekosa kwa hilo," akasema. "Kama hakuulizwa, ilikuwa bado yangu. Basi Hélène, nakuuliza sasa, mbele ya watu. Ukisema haukukubali kurudi, mbuzi ilikufa yangu, nakula hasara, na nyinyi muko bado bibi na bwana. Ukisema ulikubali, beba mukoba yako."

Watu wote wakamwangalia. Mimi nilimwangalia kuliko wote. Alikuwa na neno moja mdomoni, na maisha yangu yalikuwa ndani yake.

Hélène hakuwa na haraka. Akaweka mkoba juu ya bafle lililokufa, mahali palipokuwa pakikaa picha yetu.

"Mbele ya kujibu, nataka kumuuliza Roger. Wakati ile ilikuwa vita, ukanipa kitu ya mwisho ulikuwa nayo. Leo hakuna vita. Mbuzi ziko mingi, hata barabarani zinalala. Kama unanioa leo, Roger, utaleta nini?"

Nikafungua mdomo. Mlangoni pikipiki ikafunga breki. Dereva akaingia na katoni kubwa kichwani, akipaza sauti.

"Roger mupiga besi! Mama Kavuo ametuma. Anasema ndege ya Jumamosi imefika. Na hii ampli iko na kitu yake ya kuzuia groupe isiiunguze!"

Matata akapiga makofi. "Voilà! Roger, panda! Wenye ndoa wako njiani!"

Exaucé tayari alikuwa anapasua katoni. Niliona kona nyeusi inang'aa, na vifungo vingi, Mungu nisamehe, vifungo vizuri.

Niligeuka. Hélène alikuwa haangalii katoni. Alikuwa anaangalia gita lililokuwa mgongoni mwangu, lile la kweli, lile nililolitafuta mpaka mkanicheka gazeti zima.

Akanyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu, akangoja.